Mama Allen, Poti za Pemba na Likizo ya Meli

Saa moja asubuhi, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Maguta ya mizigo yameshaziba njia, na Vicky Shirima amesimama juu ya stuli ya plastiki nje ya fremu yake ya duka. Ana mtoto mgongoni, mrundo wa mabeseni mkononi, na simu ya mteja ameibana kati ya sikio na bega.

"La duara limeisha, mama. Limebaki la pembe nne," anasema. "Linaogesha vizuri tu. Najua mtoto hana kona, lakini atazoea."

Upande wa pili mteja anacheka mpaka sauti inatoka nje ya simu. Anaagiza dazeni mbili.

Mgongoni, Aaron mwenye miezi kumi na moja anavuta hereni ya mama yake. Chini ya meza, Evelyn mwenye miaka miwili na nusu amejifunika ndoo kichwani. Kaka yao Allen, wa miaka minne, yuko shule ya chekechea, na Vicky anamshukuru Mungu kwa shule za chekechea.

Mama huyu wa miaka thelathini na mbili, anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Allen, anauza ndoo, majagi, mabeseni na poti za watoto. Fremu yake ni nyembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene hawawezi kupishana. Siku nzuri humwachia faida ya shilingi elfu hamsini. Januari zipo siku anafunga bila kuuza hata kikombe.

Lakini tangu Pasaka, majirani zake hawamuulizi habari za biashara. Wanamuuliza habari za meli.

"Mama Allen, nahodha hajambo?" anapaza sauti muuza vitenge wa ng'ambo ya mtaa.

"Hajambo, anakusalimu! Anasema lipa nauli kwanza," anajibu Vicky bila kugeuka.

Ili kuielewa habari hiyo ya meli, inabidi kwanza kuielewa Desemba ya Vicky.

Mume wake, Leodegar, anauza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani. Ni mzaliwa wa Rombo, na ni mtoto wa mwisho kwa wazazi wake. Kwa Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo. Ni heshima kubwa. Ila Desemba ukoo mzima unapopanda kwenda kula Krismasi, unafikia kwenye nyumba hiyo, na jiko la nyumba hiyo ni la mke wake.

"Wenzangu wanakwenda likizo, mimi nakwenda zamu," anasema Vicky. "Tukishuka kwenye basi wao wanauliza chumba kiko wapi. Mimi naulizwa ndizi zimemenywa?"

Miaka sita mfululizo amesherehekea Krismasi akiwa nyuma ya sufuria. Katika picha za familia haonekani. Ipo moja tu ambamo mkono wake unaonekana, umeshika mwiko.

Mwaka huu, mapema mwezi Machi, alisikia kwamba meli moja ya abiria imeandaa safari ya likizo baada ya Pasaka: Dar es Salaam mpaka Pemba, kurudi kwa kupitia Unguja, kula na kulala humo humo, watoto wadogo bure. Vicky alisikia neno "kula" na hakutajiwa mpishi. Akaona hiyo ndiyo likizo ya kweli.

Alimwambia mume wake kwamba anataka waijaribu. Watoto wakiiweza, Desemba nao wasipande Rombo, wapande meli.

"Tutaona," alisema Leodegar.

"'Tutaona' ya Leodegar ni 'hapana' iliyovaa suti," anaeleza Vicky.

Aliyetoa hukumu hakuwa Leodegar. Alikuwa mama yake, Bi Euphrasia, aliyekuja Dar kumlea mzazi, Aaron alipozaliwa, na ambaye mpaka leo hajataja tarehe ya kurudi, wala hakuna anayethubutu kumwuliza. Bibi huyo wa miaka sabini alisikiliza habari ya meli huku akimkimbiza Evelyn na tambara la kufutia. Evelyn alikuwa ameikataa poti katakata. Nyumba ya muuza poti, na mtoto anachagua zulia.

"Watoto wa mlimani unawapeleka baharini wakatafute nini?" aliuliza Bi Euphrasia. "Kama ni samaki, wapo pale Feri, na wameshakufa, hawasumbui."

"Mama, ni siku tatu tu."

"Sikia, mke wa mwanangu. Nenda. Ila hata mmoja akirudi na homa, habari ya meli isisikike tena humu ndani. Desemba unapanda kupika, na Desemba nyingine, na nyingine."

Vicky alikubali haraka, kama mteja aliyeona muuzaji amekosea bei.

Leodegar naye aliongeza sharti lake. "Huko melini usiuze kitu. Likizo ni likizo." Alikuwa na sababu. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani yao, mke wake aliwahi kupokea oda ya ndoo akiwa kwenye foleni ya sadaka.

Basi ikaja Jumapili ya Pasaka, siku ya kufunga mizigo. Mtu mwingine angetafuta sanduku. Vicky alifanya anachokifanya kila siku ya Mungu. Pampasi, unga wa uji, nguo za watoto, mablanketi, dawa ya homa na chupa za maji, vyote alivishindilia kwa goti ndani ya mfuko wa salfeti, akavizungushia solotepu mpaka vikawa robota gumu kama tofali, kisha akachora alama ya duka lake kwa maka peni.

"Mzigo usio na solotepu mimi siuamini," anasema.

Robota hilo alilisimamisha mlangoni dukani. Pembeni yake lilikuwapo jingine, limefungwa kwa mkono ule ule na kuchorwa alama ile ile: dazeni nne za poti za Maimuna Khatib, mteja wake wa siku nyingi kutoka Mkoani, Pemba. Maimuna alikuwa amekuja Kariakoo kufunga mzigo wa duka lake na angerudi nyumbani kwa meli hiyo hiyo.

Kazi ya kuvifikisha vitu bandarini alipewa Bushiri, mwendesha guta anayembebea Vicky mizigo tangu alipofungua duka.

"Mama Allen aliniambia, 'Kaka Bushiri, robota moja liende kwa abiria, jingine liende kwenye mizigo,'" anasema Bushiri, na bado sauti yake ina uchungu. "Nikapeleka moja kwa abiria. Nikapeleka moja kwenye mizigo. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Nilikwambia lile la mlangoni!" anadakia Vicky.

"Yote yalikuwa mlangoni, bosi."

Jumatatu asubuhi meli iling'oa nanga. Ndani ya chumba chao, Aaron alichafua pampasi aliyokuwa nayo. Vicky, akiimba kabisa, alichana solotepu kwa funguo.

Zikadondoka poti. Nyekundu, kijani, bluu, njano. Ziliviringika mpaka chini ya kitanda.

"Nilikaa chini," anakumbuka. "Nikamwangalia Leodegar. Leodegar akaangalia poti. Aaron ananuka."

Evelyn peke yake ndiye aliyefurahi. Alikalia nyekundu. Akainuka, akakalia kijani. Akaendelea hivyo, moja baada ya nyingine, kwa umakini wa mteja anayenunua sofa.

Vicky alikimbilia kwa wahudumu. Akaambiwa mlango wa mizigo umeshafungwa na utafunguliwa Mkoani, jioni. Duka la melini lilikuwa na biskuti, soda na kadi za simu. Pampasi hakuna. Akashuka sakafu ya chini kumtafuta Maimuna na akamkuta amekaa kwenye mkeka wake, anakula embe.

"Dada Maimuna, mzigo wako uko chumbani kwangu."

"Alaa! Na wako?"

"Uko chini huko, na vitunguu."

Maimuna, mama wa watoto saba na bibi wa kumi na mmoja, alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Kisha akajifuta mikono, akasimama. "Nipeleke kwa mtoto."

Walipoingia chumbani walimkuta Leodegar amelala chali, rangi imemhama, poti ya bluu ameikumbatia kifuani. Dirishani pantoni ya Kigamboni ilikuwa bado inaonekana vizuri, na watu waliomo ungeweza kuwahesabu.

"Mangi!" alisema Maimuna, akimwita jina ambalo mjini huitwa kila Mchaga. "Hata Magogoni hatujapaacha!"

"Inayumba," alijibu Leodegar kwa sauti ndogo.

"Haiyumbi, baba. Inapumua."

Watoto wenyewe hawakuwa na habari na kuyumba. Allen alikuwa anaruka kitanda hadi kitanda akiuliza breki za meli ziko wapi. Aaron alikuwa anatambaa bila nguo, jambo ambalo kila mzazi anajua lina muda wake.

Maimuna aliomba kitambaa. Nguo za Vicky na za watoto zilikuwa kwa vitunguu. Mzigo mmoja tu wa familia ulikuwa umeingia chumbani salama: begi dogo la Leodegar, lenye mashati matatu aliyoyapiga pasi mwenyewe. Maimuna alilitoa jeupe, akalipima kwa vidole.

"Hili lina pamba nzuri."

"Hilo la Pasaka!" alilia Leodegar kutoka kitandani.

"Pasaka ilikuwa jana, Mangi."

Alilikunja pembe tatu, akampitishia mtoto, akafunga mikono ya shati kiunoni kwa fundo moja. Aaron akaondoka anatambaa, vifungo nyuma, kola imesimama. Kufikia adhuhuri mashati yote matatu yalikuwa kazini kwa zamu: moja kwa mtoto, moja kwenye maji, moja linapepea mlangoni.

Walipoipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari ilichafuka. Mifuko ya kutapikia ikaisha. Foleni ya choo ikafika kwenye ngazi, na nusu ya waliokuwa kwenye foleni hiyo walikuwa chini ya umri wa miaka mitano.

Mlango wa akina Shirima ukagongwa. Alikuwa baba mmoja, amembeba binti aliyebana miguu.

"Samahani, dada. Nimesikia humu mna poti?"

Vicky alifungua mdomo. Akakumbuka ahadi. Akaufunga, akakalia mikono yake.

"Zipo," alisema Maimuna, mwenye mali. Akataja bei.

Vicky anasema alihisi maumivu ya kweli, hapa, chini ya mbavu. Bei ile ilikuwa chini hata ya bei ya jumla ya Kariakoo. Akaja mama wa mapacha, Maimuna akampunguzia. Akaja mzee na wajukuu wawili, Maimuna akataka kumwongezea moja ya bure.

"Nilimwahidi mume wangu sitauza," anasema Vicky. "Sikumwahidi kwamba sitaumia."

Sauti dhaifu ikatoka kitandani. "Vicky."

"Abee."

"Huyu dada anauza hasara. Msaidie."

Vicky aliinuka. Alipanga poti kwa rangi mlangoni, akapandisha sauti, na kabla Pemba haijaonekana zilikuwa zimebaki nne, mbili kati yake Leodegar ameshazitapikia. Kila aliyenunua aliulizwa anatoka wapi na ana watoto wangapi. Wawili waliondoka na namba ya duka.

Ni pale tu mteja wa mwisho alipoondoka ndipo alipotazama mikono yake. Ilikuwa na povu la sabuni ya kufulia mashati. Aaron alikuwa mgongoni. Mume alikuwa anaomba maji.

"Nikajiuliza, nimekuja kupumzika au nimelihamisha duka?" anasema. Ni mahali pekee katika masimulizi yake ambapo hacheki.

Meli ilifunga gati Mkoani jioni. Robota lilitoka likiwa zima, linanuka vitunguu mpaka leo. Maimuna hakutaka kusikia habari ya kulala melini. Aliwachukua wote watano nyumbani kwake, Leodegar akiwa amevaa kanzu ya shemeji yake Maimuna kwa kukosa shati safi.

Kesho yake asubuhi Vicky aliamka mapema kama kawaida, akajifunga khanga, akaingia jikoni. Wadogo zake Maimuna walimzuia mlangoni.

"Wifi, toka jikoni kwetu. Utatutilia ndizi kwenye samaki."

"Basi nimenye hata vitunguu."

"Vitunguu umekuja navyo. Inatosha."

Hakuwa na pa kwenda. Alijilaza kwenye mkeka ukumbini, kwa nia ya kuunyoosha mgongo kidogo. Aliposhtuka, kulikuwa kunaadhiniwa alasiri.

Nyumba ilikuwa tupu. Mkononi hana mtoto, mgongoni hana mtoto. Alitoka nje mbio, miguu mitupu.

Uani, Evelyn alikuwa amekaa kwenye poti ya njano, amenyoosha shingo anasukwa nywele. Alikuwa ameiomba poti hiyo mwenyewe. Allen alikuwa anawafokea kuku kwa lafudhi ya Kipemba. Aaron alikuwa amelala mapajani kwa mama yake Maimuna. Na Leodegar, mtoto wa mwisho, mwenye kihamba chake Rombo, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, jasho linamtoka.

"Umeamka?" aliuliza Maimuna. "Umekula?"

Vicky akaanza kulia.

"Hata sijui nililia nini," anasema sasa, akimtoa Evelyn ndoo kichwani. "Swali lenyewe la kawaida. Ila kila siku mimi ndiye ninayewauliza watu."

Leodegar aliacha kukuna. Anakiri kwamba kazi ile ilikuwa imemchukua muda mrefu kuliko alivyodhani, na ilikuwa nazi ya tatu tu. "Nilikuwa namwangalia mke wangu, nikawa napiga hesabu ya watu wanaokuja kwetu Desemba," anasema. "Nikaona aibu."

Safari ya kurudi, kupitia Unguja, haikuwa na kisa chochote. Leodegar hata hakuiona, uso wake ulikuwa ndani ya poti.

Jumatano jioni Bi Euphrasia alikuwa ameshafika bandarini, ameshika masweta matatu. Bushiri alikuwa nyuma yake na guta, ameinamisha kichwa. Bibi hakusalimu mtu. Aliweka kiganja kwenye paji la Allen, kisha la Evelyn. Akaangalia masikio. Akamchukua Aaron, akasikiliza kifua.

Aaron akapiga chafya.

"Chafya moja," anasema Vicky, "na mimi nikaziona sufuria zote za Rombo, moja moja, na mifuniko yake."

Leodegar aligeuka akatazama maji. Bi Euphrasia alivuta pumzi kusema. Hapo Evelyn akamvuta khanga.

"Bibi. Poti."

Bibi alimtazama mtoto huyo aliyemkimbiza na tambara kwa miezi. "Amesema nini?"

"Bibi, poti! Sasa hivi!"

Zile za Leodegar zilikuwa zimebaki melini, wala hakuna aliyezitamani, na za kuuza zilikuwa Pemba. Bushiri alitimua mbio, akarudi na kopo tupu la rangi aliloliomba kwa fundi aliyekuwa karibu. Bi Euphrasia mwenyewe alichuchumaa, akamshikilia mjukuu wake mpaka akamaliza, huku wapagazi wakiwapita pande zote mbili. Akiwa bado amechuchumaa, akatoa hukumu.

"Chafya si homa. Mwaka wote sisi tumeshindwa, bahari imemfundisha kwa siku tatu."

Usiku huo mezani aliuliza swali ambalo lilikuwa likimsubiri kila mtu. "Haya. Desemba nani atapika?"

Leodegar alisema atawaambia kaka zake. Alipoandika kwenye kundi la familia, ujumbe ulisomwa na wote na haukujibiwa na yeyote.

Bi Euphrasia alizungusha kijiko kwenye kikombe muda mrefu. Kisha akamweleza mkwe wake jambo ambalo Vicky, kwa miaka sita ya ndoa, hakuwahi kulifikiria.

"Baba yake Leodegar naye alikuwa mtoto wa mwisho. Ukoo ule nimeupikia tangu nikiwa msichana mpaka mgongo ulipokataa. Ulipoolewa wewe nikamshukuru Mungu, nikakukabidhi mwiko. Sikukuuliza kama umechoka. Mimi nani aliniuliza?"

Akaomba apigiwe simu kwa mwanawe mkubwa, Gaudens.

"Gaudens. Desemba ndizi mtamenya ninyi. … Ninyi, wanaume. … Visu vipo. … Baba, kama hujui utajua."

Akakata.

Sasa Vicky anadunduliza nauli ya Desemba kidogo kidogo, kila Jumamosi anapofunga duka. Leodegar amekubali kwa moyo mmoja, ingawa bado anaulizia kama kuna meli inayokaa palepale. Walimwomba Bi Euphrasia aongozane nao, akakataa.

"Mimi napanda kwetu," anasema, akimpokea Aaron kutoka mgongoni kwa mkwe wake. "Nitaweka kiti uani, niletewe sahani, niwatazame wanangu wanavyolia na moshi. Miaka yote hiyo sijawahi kuiona sikukuu nikiwa nimekaa."

Na Vicky anataka nini huko baharini? Anafikiri kidogo. Mteja amesimama mlangoni, ameinua jagi.

"Nataka nipigwe picha," anasema. "Nimekaa, watoto wote watatu mapajani, mikono mitupu. Niitundike pale juu ya mabeseni." Kisha anamgeukia mteja. "Jagi hilo, mama? Jumla au rejareja?"